Ripoti ya Kiingereza: wapi niweke "have", wapi niweke "had"?

Kisima_Chamwino

Wakuu salaam,

Naandaa ripoti ya robo mwaka ya mradi wa maji, vijiji vya Chamwino na Bahi. Rasimu tunaiandika kwa Kiswahili, halafu inageuzwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Imerudi ikiwa imezungushiwa duara nyekundu kwenye vitenzi, maelezo hakuna. Sentensi zenyewe ni hizi:

1. We have drilled two boreholes in May.
2. The committee has been trained and it had opened a bank account.
3. When the technician arrived, the pump stopped.
4. The village is using this well since 2019.
5. The chairman told us that the villagers have contributed 400,000 shillings.
6. Before the project, women have walked six kilometres to fetch water.

Naona mzizi wa tatizo ni "-me-". Kwa Kiswahili inaingia karibu kila mahali, ila ukiivusha kwenda Kiingereza mara inataka "has", mara "had", mara haitaki hata kimoja. Kuna kipimo cha kushika kabla ya kuandika, au ni kukariri tu? Nawasilisha.

Mwl_Makole

Mkuu, kipimo kipo. Ila kwanza ujue kwamba sentensi mbili kati ya sita ulizoweka hazihitaji "have" wala "had". Watu wengi wanahangaika kuchagua kati ya hizo mbili wakati jibu ni wakati uliopita wa kawaida, ule wa "drilled", "opened", "walked". Kwa hiyo anza na huo kila mara.

Jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu huu:

Swali la kwanza: tendo limefungiwa kwenye muda uliokwisha? Jana, Jumatatu, Mei, 2019, wiki iliyopita, miaka miwili iliyopita. Kama ndiyo, andika wakati uliopita wa kawaida. Maneno kama "yesterday", "last week", "in 2019" na hasa "ago" hayakai na "have" katika sentensi moja.

Swali la pili: hakuna muda uliofungwa, na tendo au matokeo yake yanafika leo? Hapo ni "have" au "has" pamoja na umbo la tatu la kitenzi.

Swali la tatu: kuna tukio au tarehe nyingine ya zamani uliyokwisha kuitaja, na tendo hili liko nyuma yake? Hapo ndipo "had" inapoingia.

Sasa twende kwenye sentensi zako.

Ya kwanza: umetaja Mei, na Mei imekwisha. "We drilled two boreholes in May." Ukitaka kubaki na "have", ondoa Mei: "We have drilled two boreholes so far." Hapa kuna mtego mmoja wa wanaoandika ripoti. Mwaka wetu wa fedha unaishia tarehe 30 Juni. Ukiandika tarehe 20 Juni, robo ya nne bado haijafungwa, hivyo "We have drilled two boreholes this quarter" iko sawa. Ukiandika tarehe 5 Julai kuhusu robo ile ile, imeshafungwa: "We drilled two boreholes in the April–June quarter." Tendo ni lile lile na visima ni vile vile. Kilichohama ni siku unayoandika.

Ya pili umechanganya. "Has been trained" inapimwa kutoka leo, halafu ghafla "had opened" inapimwa kutoka siku ambayo msomaji hajaambiwa. "Had" ni kama koti, inataka msumari wa kulitundika: tarehe au tukio la zamani. Hapo msumari haupo. Andika "The committee has been trained and has opened a bank account." Ukitaka "had", weka msumari: "When we visited in April, the committee had already opened a bank account."

Ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu kisarufi haina kosa. Ila inasema kitu kingine.

"When the technician arrived, the pump stopped." Fundi alifika, pampu ikazima. Msomaji ataelewa kwamba ilikuwa inafanya kazi mpaka fundi alipotia mguu.

"When the technician arrived, the pump had stopped." Fundi alipofika, pampu ilikuwa imeshazima.

Ikifika siku ya kuulizana nani ameua pampu, hiyo "had" moja ndiyo shahidi wa fundi. Kipimo chake kwa Kiswahili ni rahisi: jaribu kuweka "alikuta". Kama unaweza kusema "fundi alikuta pampu imezima", tumia "had". Kama unachotaka kusema ni "pampu ikazima", tumia wakati uliopita wa kawaida.

Ya nne ni kosa letu sugu. Sisi tunasema "kijiji kinatumia kisima hiki tangu 2019", na "-na-" haina tatizo. Kiingereza hakikubali. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea linataka "have": "The village has used this well since 2019", au "has been using" ukitaka kusisitiza kwamba linaendelea. Na "since" inataka mahali pa kuanzia: since 2019, since March, since the rains ended. Ukihesabu urefu wa muda ni "for": for five years. "Since five years" usiandike kabisa, hata kama "tangu miaka mitano" umeizoea masikioni.

Urefu huo huo ukiishia zamani, "have" inageuka "had": "The village had drawn water from the dry riverbed for years before the borehole was drilled in 2019." Kuchimba mchanga wa korongo kulikoma 2019, ndiyo maana.

Ya tano ni maneno ya kuripotiwa. "Told" iko nyuma, na michango ilitolewa kabla ya kuambiwa. "The chairman told us that the villagers had contributed 400,000 shillings." Ukianza na "The chairman says", unarudi kwenye "have contributed". Utakutana na waandishi wazuri wanaoacha "have" hata baada ya "told", pale jambo linapokuwa bado ni kweli siku ya kuandika. Haikatazwi. Ila kwenye ripoti "had" ina faida moja: inaonyesha kwamba hayo ni ya mwenyekiti siku ile, si wewe unayethibitisha leo kwamba fedha zipo.

Ya sita: "Before the project, women walked six kilometres", au "used to walk" kwa kuwa ilikuwa desturi. "Had" haina kazi hapo, "before" imeshamaliza.

ZabibuNyeusi

Mbona mnazunguka sana. Kanuni tuliyofundishwa sekondari ni moja: matendo mawili yakiwa yamepita, lililotangulia linachukua "had", lililofuata linabaki na wakati uliopita. Kwisha.

Msahihishaji_Kikuyu

Mkuu Zabibu, kanuni hiyo inakusaidia kujibu swali la mtihani lenye sentensi moja. Ukiipeleka kwenye ukurasa mzima inazaa balaa, kwa sababu kwenye ripoti karibu kila tendo lina jingine mbele yake. Matokeo yake ni hivi:

"The team had arrived in Bahi, had tested the water and had sent the samples to Dodoma."

Hakuna anayeandika hivyo. Mambo yakisimuliwa kwa mpangilio yalivyotokea, yote yanachukua wakati uliopita wa kawaida: "The team arrived in Bahi, tested the water and sent the samples to Dodoma." Kwa Kiswahili ni kama "-li-" moja na "-ka-" zinazofuata: ilifika, ikapima, ikapeleka. Huwezi kusema "ilikuwa imefika, ikawa imepima". Palipo na "-ka-" usiweke "had".

"Had" inaingia pale unapokatisha mpangilio na kurudi nyuma. "The team arrived in Bahi and tested the water. Someone had left the tank open." Tenki liliachwa wazi kabla ya timu kufika, lakini wewe umelitaja baadaye. Ukitoa "had", msomaji ataona mtu anafungua tenki mbele ya timu.

Ukishatumia "after" au "before", mpangilio umeshaonekana, kwa hiyo "had" ni hiari: "After the committee opened the account" na "After the committee had opened the account" zote ziko sawa. Mimi huiacha, sentensi inakuwa nyepesi. Penye "by the time" au "by" na tarehe ya zamani, iweke.

Hizi tatu zikae kwenye daftari, ripoti za mradi zimejaa hizo:

By 30 June 2024 we had drilled six boreholes. (tarehe imepita)
We have now drilled six boreholes. (unapimia leo)
By 30 June next year we will have drilled ten boreholes. (tarehe haijafika)

Kwa anayetaka mifano ya mambo anayoyajua, Bunge linakutana hapa Dodoma tangu 1996. Ukisema leo: "Parliament has met in Dodoma since 1996." Ukihamisha macho hadi 2016, serikali ilipotangaza kwamba inahamia huku: "Parliament had met in Dodoma for twenty years when the government announced its move in 2016." Historia ni ile ile. Ya kwanza unaitazama kutoka leo, ya pili kutoka 2016. Chukua pia mradi wa karanga wa Kongwa: "When Britain abandoned the scheme in 1951, workers had already cleared large areas of bush." Vichaka vilishafyekwa, ndipo mradi ukaachwa. Andika "have cleared" na umewapeleka wafanyakazi wa 1951 wakafyeke leo.

Nyongeza kidogo kwenye kipimo cha "alikuta" cha Mwalimu. Ni kizuri, ila "-me-" yetu inabeba vitu viwili, tendo lililotimia na hali iliyobaki. Kwenye hali, Kiingereza mara nyingi hakitaki "have" wala "had", kinataka "is" au "was":

Nimechoka: I am tired.
Mlinzi amelala: The guard is asleep.
Ofisi imefungwa: The office is closed.
Wajumbe wamekaa chini ya mti: The members are sitting under a tree.
Tulikuta ofisi imefungwa: We found the office closed, au The office was closed when we got there.

"The guard has slept" maana yake ameshapata usingizi wake, yuko macho sasa. Ukimwandika hivyo umemsafisha bila kukusudia. Kwa pampu una chaguo: "was broken" kama unaeleza hali uliyoikuta, "had broken down" kama unataka msomaji afikirie tukio la kuharibika, kwa mfano kwa sababu sentensi inayofuata inaeleza lini na kwa nini.

Kisima_Chamwino

Shukrani sana Mwalimu na Msahihishaji, sasa naona njia. Nina nyingine tatu zilizobaki kwenye rasimu:

a) The spare part did not arrive yet.
b) The engineer has been to Mpwapwa, so he cannot sign today.
c) If the committee would have reported earlier, the motor would not have burnt out.

Na ninapopitia rasimu yote kurasa ishirini, nianzie wapi?

Bi_Nkuhungu

Kaka, kwenye (a) Kiswahili chako kinakujibu chenyewe, sikiliza kikanushi:

Spea haijafika: The spare part has not arrived yet.
Spea ilikuwa haijafika: The spare part had not arrived yet.
Spea haikufika: The spare part did not arrive.

"-ja-" inamaanisha bado inasubiriwa, na hiyo ndiyo kazi ya "has not ... yet". "Haikufika" imefunga mjadala. Ukianza na "ilikuwa haijafika", msomaji anakungoja utaje ilikuwa haijafika lini: "When the drilling crew left on 12 June, the spare part had not arrived." Kwa kweli ukanushi unatusaidia kuliko uyakinishi, kwa sababu "-ja-" haitangitangi kama "-me-". Ukikwama kwenye sentensi, ikanushe kwanza kwa Kiswahili. Ukipata "-ja-" tupu, ni "have". Ukipata "-likuwa" pamoja na "-ja-", ni "had". Ukipata "-ku-", ni wakati uliopita wa kawaida.

(b) "Has been to Mpwapwa" maana yake alikwenda na amerudi. Kama bado yuko huko ni "has gone to Mpwapwa". Kwa hiyo ulivyoandika, mhandisi yuko ofisini na anakataa tu kusaini! Tofauti hiyo inakwenda nyuma vilevile: "The engineer had gone to Mpwapwa when the documents came", hakuwepo, "had been to Mpwapwa twice before the documents came", safari zake zilishakwisha.

(c) Upande wa "if" hauchukui "would have". Ni "had" upande wa "if", na "would have" upande wa pili: "If the committee had reported earlier, the motor would not have burnt out." Ni ile "-ngali-" yetu: kamati ingalitoa taarifa mapema, mota isingaliungua. Kinachotuponza ni kwamba "-ngali-" tunaiweka pande zote mbili, basi na "would have" tunaiweka pande zote mbili. Ni sawa na "I wish": "I wish we had tested the water first", si "I wish we have tested".

Kuhusu kupitia rasimu, usiisome kwa mfululizo ukitafuta kila kosa, utachoka ukurasa wa nne. Tumia kitafutio cha kompyuta, raundi tatu:

Raundi ya kwanza tafuta "have" na "has". Kila moja, angalia sentensi nzima kama kuna tarehe iliyokwisha au "ago". Ikiwepo, toa tarehe au toa "have".

Raundi ya pili tafuta "had". Kila moja, onyesha kwa kidole msumari wake, kwenye sentensi hiyo au iliyotangulia. Usipouona, ama urudishe wakati uliopita wa kawaida, ama uongeze tarehe. Ruka "had" inayomaanisha kuwa na kitu, kama "The village had two wells". Hiyo ni kitenzi cha kawaida. Ndiyo maana unaweza kuona "had had" na isiwe kosa: "The village had had two wells before the flood."

Raundi ya tatu tafuta "since". Kitenzi kikuu kabla yake kiwe na "have" au "had". Ukikuta "is", "are" au kitenzi cha wakati uliopo, ndiyo ile sentensi yako ya nne imejirudia. Ila "since" ya "kwa kuwa" iache.

Ukiwa humo, tazama na umbo la kitenzi. "Had ran", "has broke", "have wrote", "had went" ni za kila siku. Sahihi ni had run, has broken, have written, had gone. Vifupisho pia viandike kwa kirefu, kwa sababu "they'd" inaweza kuwa "they had" au "they would", na "it's" inaweza kuwa "it is" au "it has".

Kijana_Kondoa

Naomba kudandia hapo hapo. Kidato cha nne tunapewa "Rewrite using No sooner" na "Hardly". "Had" inakaa wapi?

Mwl_Makole

Inatangulia mtenda: "No sooner had the rain started than the road flooded." "Hardly had the rain started when the road flooded." Shika wenzi wake: "no sooner" inakwenda na "than", "hardly" na "scarcely" zinakwenda na "when". Alama nyingi zinapotea kwa kuandika "no sooner ... when". Kosa la pili ni kuweka "had" upande wa pili pia. Huko ni "flooded", kwa sababu mafuriko ndiyo yaliyofuata.

Na wenye barua za maombi ya kazi wasome sentensi ya kwanza ya Kisima tena. "I have graduated from the University of Dodoma in 2021" ni kosa lile lile la Mei. "I graduated in 2021." Kazi uliyoiacha: "I worked as an accountant from 2019 to 2022." Kazi unayoifanya hadi leo: "I have worked as an accountant since 2022." Ukikosea hapo kwenye kazi uliyokwisha kuiacha, mwajiri anaelewa bado umeajiriwa.

ZabibuNyeusi

Sawa, nimekubali yaishe kuhusu "had". Ila swali: mfadhili wa Kisima akiwa Mmarekani? Hao naona wanaandika "We already submitted the report" bila "have".

Msahihishaji_Kikuyu

Ni kweli, na kwao si kosa. Penye "already", "just" na "yet", Wamarekani hutumia sana wakati uliopita wa kawaida: "We just received the funds", "Did you submit the report yet?" Waingereza wangeandika "We have just received the funds". "Have" kwenye sentensi hizo inakubalika pande zote mbili, kwa hiyo ukiiweka huna cha kupoteza. Kwenye "since" hata Mmarekani hakusamehei, na "had" ya pampu inabaki palepale kokote ripoti inakokwenda.